Juma Si Jina la Kizamani: Jibu kwa Mzazi wa Usoke



Shukrani zote anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Leo maneno ni mengi kidogo. Kama uko kwenye daladala, hifadhi uje usome ukifika.

Kijana mmoja wa Usoke, kule Tabora, ameniletea swali, na ameniruhusu nilijibu hapa bila kumtaja. Mkewe amejifungua mtoto wa kiume siku ya Ijumaa. Baba yake kijana anaitwa Juma, ni mtu mzima sana, macho yake hayaoni vizuri, na ameomba kitu kimoja tu: mjukuu arithi jina lake. Kijana akaitikia. Usiku ule mke akasema hapana, mwanawe haitwi jina la wapagazi, na jina zuri wameshalipata kwenye simu. Juu ya hapo kuna ustadhi kwenye video amesema Juma si jina la Kiislamu, ni jina la siku tu, sawa na mtu kuitwa Jumatatu. Sasa mzee anasubiri, mke amenuna, na siku ya saba iko mlangoni. Kijana anauliza: nifanyeje, shekhe?

Mwite Juma, ndugu yangu. Nimelitanguliza jibu ili usihangaike kulitafuta huko chini. Yanayofuata ni sababu zake, na nimeziandika hadharani kwa kuwa swali hili si la nyumba moja. Kila mwezi naletewa mfano wake, na kila mara kuna mzee mmoja anayeumia kimya kimya.

Tuanze na neno lenyewe. Juma limetoka katika Kiarabu, Jumu'a, na shina lake ni jama'a, kukusanya. Shina hilo hilo ndilo lililotupa jamaa, jamii na jumuiya, na hata ule Ujamaa wa Mwalimu Nyerere. Waarabu wa zama za ujahili siku hii waliiita Aruba. Jina hilo likafa, likabaki hili la mkusanyiko, kwa sababu ndiyo siku Waislamu wanayokusanyika. Kwa hiyo ukimwita mtoto Juma umemwita kwa jina la siku ambayo watu huacha shughuli zao wakasimama safu moja, tajiri na maskini, bega kwa bega.

Waswahili walilipenda neno hili mpaka wakaifanya wiki nzima kuwa yake. Wiki tunaiita juma, na siku tunazihesabu kutokea Ijumaa: Jumamosi ni ya kwanza baada yake, Jumapili ya pili, hivyo hivyo hadi Jumatano ya tano. Hapo wakaacha kuhesabu, wakachukua Alhamisi ya Waarabu, ambayo nayo maana yake ni ya tano. Ndiyo maana tuna siku mbili za tano ndani ya wiki moja, na sijawahi kusikia mtu akilalamika. Basi hata kina Jumanne, ambao Tabora na Kigoma ni wengi, wamebeba Ijumaa ndani ya majina yao. Na binti akazaliwa, akaitwa Mwajuma, mwana wa Juma.

Zamani mtu hakuitwa Juma kwa kubahatisha. Alizaliwa Ijumaa, au usiku wa kuamkia Ijumaa, maana kwetu siku huanza jua linapozama. Baadaye jina likawa la kurithi, ndiyo unakuta Juma aliyezaliwa Jumapili mchana kweupe. Halina ubaya. Huyo hakupewa siku, kapewa babu.

Wala si Waswahili peke yao. Wahausa wa Nigeria mtoto wa kiume wa Ijumaa humwita Danjuma, na wa kike Jummai. Waturuki wanalo jina Cuma, na wao herufi hiyo huitamka kama j yetu. Yule mufti mkuu wa Misri wa kuanzia 2003 hadi 2013, Shekhe Ali Gomaa, ukilitazama jina lake la pili utaona ni Juma kwa matamshi ya Kimisri. Dubai yupo Juma Al Majid, mfanyabiashara aliyeanzisha kituo kikubwa cha kuhifadhi miswada ya kale ya Kiislamu. Na huko Ghana, Waakani, bila kuwa na uhusiano wowote na Kiarabu, mtoto wa kiume wa Ijumaa wamemwita Kofi tangu enzi. Kofi Annan aliyekuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa alizaliwa Ijumaa, tarehe 8 Aprili 1938. Mtu anayesema Juma ni jina la kishamba la watu wa bara, mwambie dunia ni pana kuliko simu yake.

Sasa hoja ya ustadhi wa kwenye video. Nitaijibu kwa adabu, maana huenda nia yake ni njema.

Katika dini yetu jina asili yake ni halali mpaka lionekane la kulizuia. Vizuizi wanachuoni wamevitaja, na havizidi vidole vya mikono. Jina la kumfanya mtu mja wa asiyekuwa Allah, kama yale ya Makka ya zamani, Abdul-Uzza na Abdul-Ka'aba. Jina linalomhusu Allah peke yake. Jina la kujikweza, kama mtu kujiita mfalme wa wafalme. Na jina lenye maana mbaya. Mtume (s.a.w.) alipomkuta mwanamke anaitwa Aswiya, yaani muasi, alimwita Jamila. Alipomkuta mtu anaitwa Hazn, maana yake ugumu, alipendekeza aitwe Sahl, wepesi. Yule bwana akakataa, akasema habadilishi jina alilopewa na baba yake, na Mtume hakumlazimisha. Mjukuu wake, Said bin Musayyib, ambaye ni katika wanachuoni wakubwa wa Madina, alikuwa akisimulia kwamba ule ugumu uliendelea kuwamo katika familia yao.

Lakini angalia idadi ya majina ambayo Mtume (s.a.w.) hakuyagusa. Umar aliingia katika Uislamu akiitwa Umar, jina alilopewa na wazazi wasiomjua Allah mmoja, akafa akiitwa Umar. Hamza vile vile. Khalid vile vile. Twalha, mmoja wa kumi waliobashiriwa Pepo, jina lake ni la mti wenye miiba, jamii ya mgunga, ndugu wa ile migunga unayoiona ukisafiri huko kwetu. Bibi Zainab, mama wa Waumini, ni binti Jahsh, na jahsh kwa Kiarabu ni mwana-punda! Hakuna aliyeambiwa akatafute jina la Kiislamu. Majina yale yakawa ya Kiislamu kwa sababu walioyabeba walikuwa Waislamu.

Kama Twalha ni jina la mti na limekubalika, vipi Juma, ambalo ni jina la siku bora iliyochomozewa na jua, siku aliyoumbwa Nabii Adam kwa mujibu wa hadithi sahihi ya Muslim, lisikubalike?

Na kusema ni sawa na kuitwa Jumatatu hakusaidii. Mtume wetu mwenyewe alizaliwa Jumatatu, na angetokea mtu akamwita mwanawe hivyo, mimi nisingepata dalili ya kumharamishia.

Wapo waliosema: Juma ni jina la sura ya Qur'ani, na kuna wanachuoni waliochukia kuwaita watoto kwa majina ya sura. Ni kweli yamesemwa, na Ibnul Qayyim ameligusia katika kitabu chake cha hukumu za mtoto mchanga, Tuhfatul Mawdud. Lakini waliotajwa hapo ni Twaha, Yasini na Hamim, yaani herufi zinazofungua sura, kwa kuwa watu walidhani ni majina ya Mtume. Ibrahim ni jina la sura. Yusuf ni jina la sura. Luqman na Yunus pia, na Muhammad mwenyewe. Nani ameyakataza?

Hata hivyo sitaki mtu aondoke hapa akatangaze kwamba shekhe kasema Juma ni sunna. Sikusema. Majina yanayopendwa zaidi na Allah ni Abdullah na Abdurrahman, hilo limethibiti. Wala hakuna fadhila maalumu iliyothibiti kwa mtoto kwa kuzaliwa Ijumaa tu. Haya mambo ya kusema mtoto wa Ijumaa ana nyota kali, hasogelewi na wachawi, au akikasirika neno lake linashika, ni maneno ya wapiga ramli. Juma hana nyota kali. Juma ana swala tano kama Daudi na Feisali.

Kuna jambo jingine nawaambia hasa ndugu zangu wa Tabora, Shinyanga na Kigoma. Tofautisheni kurithisha jina na kulilia jina. Mtoto analia usiku, ana homa, mtu anakwenda kwa mganga, anaambiwa mtoto analilia jina la babu yake aliyekufa, afanyiwe tambiko aitwe jina hilo atanyamaza. Hiyo ni shirki, na mtoto anaumwa malaria. Mpeleke zahanati. Lakini kumwita mtoto jina la babu yake kwa mapenzi na kuunga undugu, hilo Mtume (s.a.w.) amelifanya mwenyewe. Alipozaliwa mwanawe kwa Bibi Maria, aliwaambia watu kwamba amempa jina la baba yake, Ibrahim. Baba yake wa karne ngapi nyuma! Basi wewe mwenye baba anayepumua, aliye ukumbini, anayesubiri kusikia, unaona uzito gani?

Hukumu hiyo hiyo inawahusu kina Kulwa na Doto, na kina Shija wanaofuatia mapacha. Majina ya Kinyamwezi na Kisukuma yasiyo na maana mbaya, baki nayo. Acha matambiko ya mapacha, chukua jina.

Mahali ambapo ningesita ni jina kama la mtemi wetu mashuhuri. Yeye aliitwa Mtyela Kasanda, vita vikampa jina la Mirambo, maana yake maiti, na Wilaya ya Urambo ambayo Usoke imo ndani yake inamkumbuka yeye, aliyefariki 1884. Mtume (s.a.w.) hakupenda majina ya vita na uchungu, Harb na Murra. Wilaya haina haja ya kubadilishwa jina, hiyo ni historia. Ila mtoto mchanga hana vita na mtu.

Tuje kwenye neno lililoniuma zaidi katika ujumbe ule: jina la wapagazi.

Dada yangu, mama wa mtoto, nasema nawe kwa upole, maana umetoka uzazini na haki yako ni kubwa. Unajua mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa nani? Kabla ya reli, njia iliyotoka Bagamoyo ikapita Unyanyembe kwenda Ujiji ilisimama juu ya mabega yake. Burton na Speke walipofika Kazeh, Tabora ya leo, mwezi wa Novemba 1857, walikuta njia ambayo Wanyamwezi walikuwa wameshaipita miaka mingi wakipeleka pembe pwani. Wengi walikuwa watu huru, wanakubaliana ujira wa vitambaa na ushanga, wanabeba, wanarudi kwao kulima. Kijana ambaye hajafika pwani alihesabiwa bado mtoto. Huko pwani walikuta msikiti, wakakuta watu wanaoswali, na baadhi yao wakarudi na kanzu, na shahada, na jina. Majina waliyorudi nayo ndiyo haya tunayoyaona ya kizee: Juma, Hamisi, Rajabu, Shabani, Ramadhani, Athumani, Selemani. Uislamu wa Unyamwezi haukuletwa na jeshi. Kwa sehemu kubwa umeletwa na biashara, na mzigo ulikuwa kichwani mwa huyo mpagazi unayemuonea haya.

Njia hiyo hiyo ilipitisha watumwa. Hatulifichi hilo, na haifai kulipamba. Watu walitolewa ndani kabisa ya bara wakaburutwa, na wengi walipewa majina mapya bila kuulizwa: Mabruki, Feruzi, Almasi, Baraka. Majina mazuri, lakini yamepewa mtu aliyenyang'anywa la mama yake. Ndiyo maana naelewa mtu mweusi anapouliza kama jina fulani ni la utumwa. Ni swali la haki.

Lakini Juma hakuwa na tabaka. Lilibebwa na mpagazi na likabebwa na bwana mwenye msafara. Yule mnayemjua kwa jina la Tippu Tip, jina lake hasa ni Hamed bin Muhammed bin Juma bin Rajab el-Murjebi. Babu yake ni Juma, na baba wa babu yake ni Rajab. Baba yake, Muhammed bin Juma, aliishi hapo hapo Tabora na akamuoa Karunde, binti wa mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Mwingereza Cameron alipofika Urua, Kongo ya leo, mwaka 1874, alikutana na mfanyabiashara aliyeitwa Juma bin Salim, ambaye watu walimzoea kwa Juma Merikani kwa ajili ya kile kitambaa cha merikani. Siwatajii watu hawa mpate kuwapenda. Tippu Tip alifanya biashara ya pembe na ya binadamu, na hesabu yake iko kwa Mola wake. Nawatajia mjue kwamba jina lilitembea juu na chini, kwa mwenye mali na kwa asiye nayo, kama safu ya Ijumaa inavyokuwa.

Likaenea mpaka likatoka mikononi mwetu. Reli ya kati ilipofika Tabora 1912 na Kigoma 1914, ikipita Usoke, watu wakachanganyika zaidi. Upande wa Urambo Wamoraviani walikuwa wameshapokea misheni tangu 1898, kwa hiyo ukoo mmoja ulikuwa na Juma na Yohana, wakila chungu kimoja. Magharibi ya Kenya Juma ni jina la ukoo kwa watu wengi, na wengi wao ni Wakristo. Profesa Calestous Juma, mtu wa Busia aliyefundisha chuo kikuu cha Harvard mpaka alipofariki 2017, alilifikisha huko. Na mwaka 1989 Mtanzania Juma Ikangaa alishinda marathoni ya New York. Sisi tuliosoma shule za msingi za zamani tunakumbuka: Juma ndiye aliyekuwa na machungwa kumi akampa Asha matatu. Mwalimu akitaka mfano wa mtu yeyote, alisema Juma.

Nadhani hapo ndipo lilipoanza kushuka. Jina likiwa la kila mtu, vijana huliona si la mtu yeyote. Kisha ikaja televisheni, ikaja simu, ikaja orodha ya majina elfu moja ya Kiislamu na maana zake, ambayo mwandishi wake humjui na maana zake hujazihakiki. Leo ukiingia madrasa majina yakaitwa, utasikia Rayan watatu, Ayan wanne, Jayden mmoja ambaye baba yake anaapa ni Kiarabu, na Juma hakuna. Au yupo, ni yule mwalimu mzee mwenyewe.

Sina ugomvi na Rayyan. Ni jina la mlango wa Pepo watakaouingia wafungaji, ni jina tukufu. Ugomvi wangu ni kuchagua kwa mlio. Mtu anafungua Mushafu, anapenda neno linavyolia masikioni, anamwandikia mtoto. Hajui kwamba neno lile katika aya yake linasimulia watu wa motoni. Huyu huyu ndiye anayemwambia mzee Juma kwamba jina lake halina maana.

Na kinachopotea hapo usikione kidogo. Mzee wa Usoke hakuomba shamba, hakuomba baiskeli wala matibabu. Ameomba asikie jina lake likiitwa uani na mtu akaitika kwa sauti ya kitoto, kabla hajaondoka duniani.

Kuhusu mvutano wa mume na mke, Ibnul Qayyim amesema baba na mama wakitofautiana, haki ya kutoa jina ni ya baba. Ndugu yangu wa Usoke, hiyo ni hukumu, usiigeuze rungu. Qur'ani hiyo hiyo, katika Suratu Aal Imran, imetusimulia kwamba Maryam alipewa jina na mama yake. Kaa na mkeo, mwombe. Mwambie mtoto huyu aitwe Juma kwa ajili ya mzee, na akijaaliwa mwingine achague yeye. Kama moyo wake umeshika lile jina la kwenye simu, na maana yake ni nzuri, alitumie nyumbani kama jina la kumbembelezea. Watu wazima hupatana.

Hata hivyo, jina hili lina deni. Soma Suratul Jumu'a mpaka mwisho, ni aya 11 tu. Aya ya tisa inaamrisha kuacha biashara mwito unapoitwa. Aya ya mwisho inasimulia kisa ambacho watu wa njia ya misafara mnapaswa kukijua kuliko wengine. Mtume (s.a.w.) alikuwa amesimama Ijumaa pale Madina, ukaingia msafara wa biashara kutoka Sham. Watu wakatoka mbio kuufuata, wakamwacha amesimama. Jabir (r.a.) amesimulia kwamba walibaki watu kumi na wawili. Kumi na wawili, na aliyesimama mbele yao ni Mtume wa Allah!

Msafara wa leo kwenu ni soko la tumbaku. Ni treni inayopita, ni mpira, ni bodaboda mwenye abiria wawili na adhana inalia. Nimewaona kina Juma wengi ambao Ijumaa hawaijui, wanapita nje ya msikiti wakipiga honi. Hilo ndilo la kumlilia mzazi, si jina kuwa la kizamani. Ukimwita mwanao Juma, mshike mkono mwende naye tangu mdogo, ili siku moja mtu akimwuliza kwa nini unaitwa hivyo, ajue pa kumpeleka.

Yamebaki mawili madogo.

La kwanza ni kwa kina Juma watu wazima, wanaoniandikia wakitaka kubadili jina waitwe Abdul-fulani, au kusahihisha maandishi kutoka Juma kwenda Jumu'ah. Acheni. Jina ni moja, hiyo ni tofauti ya ndimi tu, kama Umar na Omari. Utajikuta cheti cha kuzaliwa kinasema hili, cheti cha shule kinasema lile, kitambulisho cha taifa kinasema jingine, na siku ya kudai mafao au mirathi watoto wako ndio watakaozunguka ofisini na viapo. Allah anakujua. Wewe yajue masharti ya swala yako.

La pili ni hesabu ya siku ya saba, maana nimeona mnakosea. Aliyezaliwa Ijumaa mchana, siku ya kuzaliwa inahesabiwa kwa kauli ya wengi, hivyo siku yake ya saba ni Alhamisi, si Ijumaa inayofuata. Jina si lazima lingoje siku hiyo. Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.), alipewa jina mara tu alipozaliwa. Kwa hiyo, kijana wangu wa Usoke, kama umesoma hapa jioni hii, mzee bado hajalala. Ya aqiqa, mbuzi wawili au mmoja kwa aliyebanwa, na nani ale nini katika nyama, nitayaandika wiki ijayo inshaAllah, maswali yake yamekuwa mengi.

Wallahu a'lam.